Mikono Juu ya Bamba la Shaba

Umewahi kumshika mtu mkono ukahisi kama kuna kitu kimetoka kwake kikaingia kwako? Usijibu haraka. Watu wa Ilumbi waliamini hivyo miaka mingi, na hawakuamini kwa ujinga. Walikuwa na kipimo chenye mshale, na mgonjwa akishikwa mkono mshale ulipanda. Kila mtu aliuona ukipanda.

Ilumbi ni mji wa juu kwenye ukungu, mahali ambapo chai haifi kwa jua na mvuke wa mlima ndio unaowasha taa. Siku ya kupimwa, watu walifika ukumbini umande ukiwa bado kwenye majani. Mabuti ya kuchumia chai yalipangwa nje ukutani, makubwa kwa madogo, maana viatu havikuruhusiwa ndani. Katikati ya ukumbi lililala bamba la shaba, pana kama mkeka wa kulalia watu wawili. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu na ndimu hadi likang'aa kama sufuria ya harusi. Juu yake palikuwa na kigoda cha mti, na pembeni beseni la maji ya chumvi. Hukanyagi bamba lile mpaka umenawa miguu, uwe wewe unayepimwa au anayekushika.

Mpimaji aliitwa Tupokigwe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kukunja mikono ya sweta hata baridi ikiwa ya kung'ata. Kazi yake ilikuwa nyuzi.

Kila mtu mzima wa Ilumbi alikuwa na uzi. Homa ya Mgongo ilipopita ilikuwa imewaacha watu wakiwa wazima juu ya kiuno na wamekufa chini yake, mji mzima umelala kwenye mikeka. Ndipo wakatiwa uzi, mwembamba kuliko wa buibui, kutoka kwenye shingo kufuata uti wa mgongo hadi kwenye nyayo. Ndani ya kifua kikawekwa kidude kidogo kama punje ya haragwe, kinachosukuma umeme kwenye uzi huo usiku na mchana. Nyuma ya shingo kila mtu alikuwa na tundu dogo, kama tundu la kifungo. Mpimaji alichomeka waya wake hapo, na umeme ulishuka hadi kwenye nyayo, ukarudi kwenye kipimo kupitia shaba.

"Baba Bupe, kaa," Tupokigwe alimwambia mumewe, zamu yake ilipofika.

"Nikikaa haraka mtasema nimezeeka," Asajile akajibu, na watu wakacheka. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia ujanani. Aliketi kwenye kigoda, nyayo zake zikagusa shaba, akakunja uso kwa ubaridi wake. Binti yao Bupe, mtoto mchanga mgongoni, akanawa miguu, akapanda juu ya bamba na kumshika baba yake mkono.

Hakuna aliyepimwa Ilumbi bila kushikwa, isipokuwa asiye na mtu. Wakati wa homa, wagonjwa walifungiwa kwenye banda la mabati nje ya mji, na wengi wao walikufa bila kuguswa, ndugu zao wakiwatazama kutoka ng'ambo ya waya. Waliopona waliapa: mtu wetu hataugua tena bila mkono. Na mkono uwe wa nyumba yake. Mkono wa jirani haukuhesabika.

Tupokigwe akachomeka waya, akawasha betri ya kupimia. Volti tisa. Mshale ukapanda taratibu, ukasimama kwenye kumi na tano.

Alikuwa amefungua kinywa ataje namba, mbeleko ya Bupe ikalegea. Mtoto akateleza upande. Bupe akaachia mkono wa baba yake, akamdaka mtoto kwa mikono miwili, na mshale ukashuka. Haukutikisika tu. Ulishuka moja kwa moja ukasimama kwenye tisa, ukatulia pale kama ndege aliyetua. Bupe akajifunga upya, akaomba radhi, akashika mkono tena. Mshale ukarudi kumi na tano.

Watu walikuwa wanamtazama mtoto. Aliyeutazama mshale ni Tupokigwe peke yake.

"Volti tisa, mkondo kumi na tano," akasema, na sauti yake mwenyewe ikasikika kwake kama inatoka chumba kingine. "Uzi wa Asajile, omu mia sita."

"Aendelee kushikwa," ukumbi mzima ukaitikia, kama ilivyo desturi.

Asajile akainuka na kwenda kutafuta mabuti yake.

*

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mtoto wa Ilumbi aliijua, maana walifundishwa kwa mafiga. Jiko lina mafiga matatu. La kwanza ni volti, ambayo ni msukumo. La pili ni mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita. La tatu ni ukinzani, ule ubishi wa njia yenyewe, nao hupimwa kwa omu. Ukiyajua mawili, la tatu haliwezi kujificha. Chukua msukumo, ugawanye kwa mkondo, utapata ubishi. Mkondo wa watu ni mdogo mno, kwa hiyo mshale uliusoma kwa miliampea, yaani ampea moja iliyokatwa mafungu elfu; basi jibu lako ulizidishe kwa elfu. Tisa gawanya kwa kumi na tano ni nukta sita. Zidisha. Mia sita.

Na tisa gawanya kwa tisa ni moja. Zidisha. Elfu moja.

Mpaka wa Ilumbi ulikuwa mia saba na hamsini. Uzi huzeeka kama kamba ya kisima, na kadiri unavyozeeka ndivyo unavyobisha. Kile kidude cha kifuani hakijui kubembeleza. Kimeumbwa kupitisha miliampea ishirini, basi, njia ikibisha chenyewe kinaongeza msukumo ili zipite zilezile ishirini. Msukumo ukizidi, joto linazidi. Mia saba na hamsini kwa mkondo ule ni volti kumi na tano. Zidisha volti kwa mkondo, upate nguvu yake, wati nukta tatu. Hapo uti wa mgongo unaanza kuiva, taratibu, kama kiazi kwenye majivu. Kwa hiyo uzi ukivuka mpaka, mpimaji anachukua ufunguo na kuuzima, na mtu anarudi kukaa.

Waliozimwa mapema Ilumbi walikuwa wale wasio na mtu. Watu waliliona hilo, wakapata na msemo: upweke hukaza uzi. Na wenye ndugu wengi nyuzi zao zilisoma vizuri ajabu. Mama Tulinagwe, marehemu, alishikwa na binti zake watano kwa pamoja, wawili mkono huu, wawili ule, mmoja begani. Mshale wake ulipanda kuliko wa mtu yeyote, hadi wanawake wakapiga vigelegele, na familia nyingine zikaanza kuja na shangazi na mabinamu ili nazo zisome hivyo. Mama Tulinagwe alianguka shambani kikapu kikiwa nusu. Waliomwosha walikuta mstari mweusi umepita katikati ya mgongo wake. Walinyamaza. Tupokigwe alikuwa mmoja wa waliomwosha.

Alikuwa ameuona mstari ule, akajiambia ni mambo ya kifo.

*

Bibi Sekela alikaa nyumba ya mwisho, njia inapoishia kwenye mianzi. Alikuwa amezimwa miaka kadhaa kabla. Alisogea kwa kigari cha ubao chenye magurudumu manne, na mikono yake, ambayo homa haikuigusa, ilisuka vikapu vya chai ambavyo Ilumbi nzima ilivitumia bila kutaja nani kavisuka.

"Umekuja na betri," alisema alipomwona Tupokigwe mlangoni. "Uzi wangu ulishalala, mwanangu. Unakuja kuuamsha?"

"Nakuja kuuuliza swali tu, Bibi."

"Uliza. Ila kung'uta matope kwanza, nimefagia."

Tupokigwe alikuwa amebeba bamba dogo, lile la kupimia wagonjwa majumbani. Alililaza sakafuni, akaomba maji na chumvi, akamwosha Bibi Sekela nyayo kwa mikono yake. Miguu ya mtu aliyezimwa huwa myepesi na baridi, laini chini kama ya mtoto asiyetembea. Akachomeka waya. Volti tisa. Mshale ukasimama kwenye kumi.

"Mia tisa," akasema.

"Ndivyo ulivyoniacha," Bibi Sekela akajibu. "Haujaongezeka wala kupungua. Siku ile ulitaja mia tisa hivyohivyo."

Tupokigwe akavua soksi, akatia miguu yake kwenye maji ya chumvi, akapanda juu ya bamba kando ya yule mwanamke na kumshika mkono. Mshale ukaruka hadi kumi na sita. Alipiga hesabu kichwani, akairudia: mia tano sitini na kitu. Uzi wa msichana.

"Mimi si ndugu yako," alisema polepole.

"Wala hunipendi hivyo," Bibi Sekela akasema. "Hujaja hapa tangu masika."

Pale ukutani paliegemezwa kibao kikavu cha kukalia wasukaji. Tupokigwe akakivuta kwa mguu, akakiweka juu ya shaba, akajifuta nyayo kwa kanga na kusimama juu yake. Mkono hakuuachia. Mshale ukashuka hadi kumi.

"Mkono ni uleule," akasema.

"Na mapenzi ni yaleyale," Bibi Sekela akasema, akitazama mshale.

Hapo ndipo jambo lote lilipokaa wazi, na halikuwa kubwa. Mfereji mmoja wa maji ukichimbiwa wa pili ubavuni, maji yanayopita yataongezeka. Lakini wa kwanza haujapanuka hata kidole. Umeme ulikuwa unashuka kwenye uzi wa mgonjwa, ndiyo, lakini mwingine ulikuwa unapita begani kwake, ukashuka mkono, ukaingia kwa anayemshika, ukatelemka kwenye nyayo zake zenye maji ya chumvi hadi kwenye shaba ileile. Mshale haukujua ni wa nani. Ulihesabu wote. Ukigawanya msukumo kwa mkondo wa watu wawili, ubishi unaoupata si wa uzi wa mtu yeyote.

Watano wakishika, mifereji sita.

"Kwa hiyo," Bibi Sekela akasema, "si moyo wangu ulioukaza."

"Hapana, Bibi. Uzi wako ulizeeka tu. Wewe ndiye tuliyekupima sawasawa."

"Watu hawaleti watoto wao hapa. Wanaogopa upweke utawarukia kama chawa." Alisema bila hasira, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. "Mtu huanza kujichunguza. Unakaa hapa unasuka, unajiuliza, hivi kweli mimi nina moyo wa namna gani, hata chuma kimenikinai."

Tupokigwe alitaka kuchomoa waya, akaona kwamba mkono wake bado umeshikwa. Bibi Sekela hakuuachia mpaka mvua ilipoanza kugonga bati.

*

Ukitaka kumjua mtu mwenye joto katika mji wa baridi, tazama anakaa wapi jikoni. Bupe alikuwa amepiga goti karibu kabisa na moto, mtoto kamlaza mapajani. Asajile alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, upepo ukimpiga. Tupokigwe akakumbuka kwamba kiti kile kimekuwa mlangoni tangu mavuno yaliyopita, na yeye ndiye aliyekuwa akikizunguka kila siku na sufuria.

Alingoja Bupe aende kumlaza mtoto. Kisha akaenda nyuma ya mumewe na kuweka kiganja chake kwenye mgongo, juu ya shati. Chini ya shati palikuwa na kitambaa kibichi, kimekunjwa mara nne. Chini ya kitambaa palikuwa na joto.

"Unakilowesha wapi?" akauliza.

"Kisimani. Asubuhi, kabla hujaamka." Asajile hakugeuka. "Nilijua utafika tu. Niliuona uso wako siku ile ya mshale."

"Elfu moja, Baba Bupe. Kile kidude kinasukuma volti ishirini. Zidisha na mkondo wake, ni wati nukta nne. Si moto wa kupikia, najua. Taa ya kuonyeshea njia chooni ina zaidi. Lakini hauzimi. Umelala nao ndani."

"Najua nimelala na nini."

"Mama Tulinagwe alikuwa na mstari."

"Nimeusikia huo mstari. Wanawake wakiosha maiti hawanyamazi kama wanavyodhani." Ndipo akageuka, na uso wake haukuwa na utani wowote. "Sikiliza. Katika banda lile, kitanda kilichofuata changu alilala kaka yangu Ambakisye. Alikuwa ananyoosha mkono. Mimi nilikuwa mzima mikono, mzima kichwa, ila siwezi kusogea. Pale palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu kupita. Akanyoosha, akanyoosha, mpaka akaacha. Mama Bupe, ukiuzima uzi huu unanirudisha kwenye kitanda kile."

"Na nikiuacha?"

"Ukiuacha ni juu yangu. Nitakufa nikiwa nimesimama, shambani, na mtanibeba. Waambie watu baada yangu."

"Na mpaka hapo watakuwa wameungua wangapi?"

Asajile akasema jingine, kwa sauti ya chini, na ndilo lililomchoma Tupokigwe kuliko yote. "Na Atupakisye utamwambia nini? Yeye ndiye mwenyekiti wa ukumbi, na Mama Tulinagwe alikuwa mama yake. Utamwambia mikono yao watano ndiyo iliyomficha mama yao mpaka akaungua?"

Tupokigwe aliketi pale kwenye kigogo cha kuni. Aliwaza njia ya pembeni: angeweza kunyamaza juu ya mikono na kuutoa mkondo wake kichwani, aseme uzi umevuka hata kama mshale unasema haujavuka. Lakini mshale ulionekana na ukumbi mzima, na mpimaji anayetaja namba isiyo kwenye mshale si mpimaji tena. Nani atakubali azimwe kwa neno lake? Aliwaza kunyamaza kabisa. Hilo lilikuwa jepesi, na mumewe alikuwa analiomba kwa macho. Ni kukaa kimya tu, jambo ambalo alikwisha kulifanya mara moja, akiwa ameshika kitambaa cha kuoshea maiti.

"Nitakuchotea mimi hayo maji," alisema mwishowe. "Usiende tena kisimani na mgongo huo."

Asajile akadhani amekubali, akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga," alisema. Tupokigwe alichukua ndoo akatoka, maana hakuweza kumtazama.

*

Siku ya kupimwa iliyofuata, watu walikuta mlangoni kigari cha Bibi Sekela. Wengine walipita mbali kidogo na magurudumu yake.

"Leo," Tupokigwe alisema, akiwa amesimama karibu na betri, mikono ya sweta imekunjwa hadi viwiko, "hakuna atakayemshika mtu juu ya bamba."

Ukumbi ukavuma. Atupakisye akasimama. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kanisani, na bado alikuwa na kitambaa cheusi cha matanga begani.

"Mpimaji, umelala vibaya?" aliuliza. "Unataka tupimwe kama wa bandani? Watu wetu walikufa wakinyoosha mikono ndipo tukaweka desturi hii. Wewe nani uiondoe?"

"Siiondoi, Mwenyekiti. Naomba mtazame mshale, kisha mniambie nyinyi."

Alimwomba Bibi Sekela aje. Wanaume wawili walisitasita, kisha wakamwinua na kumweka kwenye kigoda. Volti tisa; mshale kwenye kumi. Tupokigwe akamshika mkono. Kumi na sita. Akapanda kibao kikavu cha Bibi Sekela bila kumwachia, kumi. Akashuka, kumi na sita. Hakueleza kitu. Alipanda na kushuka kibao kile mpaka minong'ono ikakoma, na watu waliojua mafiga matatu tangu utoto wakaanza kuhesabu wenyewe, midomo ikicheza.

Atupakisye ndiye aliyemaliza hesabu kwanza. Ilionekana usoni mwake.

"Mama tulimshika watano," alisema.

Dada zake wanne wakamgeukia.

"Mshale ulipanda, tukapiga vigelegele. Mimi nilikuwa namshika begani, hapa." Alishika bega lake mwenyewe. "Ukitutoa sisi, mpimaji, mama alisoma ngapi?"

"Sijui. Sikumpima akiwa peke yake."

"Lakini unakisia."

"Nakisia, Mwenyekiti."

Walitazamana. Tupokigwe hakutaja namba, na Atupakisye hakuiomba tena. Dada zake walikuwa wameanza kulia bila sauti, mmoja akiviangalia viganja vyake. Kwa muda mrefu ilionekana kama Atupakisye atatoka nje na ukumbi wote utamfuata, na Ilumbi ingeendelea kupima mikono badala ya nyuzi. Badala yake alikwenda nyuma, kwenye stoo ya chai. Mbao zilisikika zikivunjwa. Alirudi amebeba mfuniko wa kasha, mkavu, wenye misumari iliyopinda, akauweka juu ya bamba kando ya kigoda. Akaukanyaga kujaribu kama unayumba.

"Anayeshika asimame hapa," alisema. "Na miguu ifutwe. Nani wa kwanza?"

Watu walitazama sakafu. Ndipo Asajile akaja kutoka nyuma ya ukumbi, anatembea pole kama mtu anayepima kila ubao. Hakumtazama mkewe alipopita. Kwanza alisaidia kumrudisha Bibi Sekela kwenye kigari, kisha akaketi.

"Hukuniambia utasema leo," alimnong'oneza mkewe alipokuwa akichomeka waya.

"Ningekwambia ungenizuia, Baba Bupe. Na mimi ningezuilika."

Asajile alivuta pumzi. "Nipime kama nilivyo."

Bupe alipanda juu ya mfuniko wa kasha, nyayo zimefutwa kavu, akamshika baba yake. Mshale ulipanda hadi tisa ukakaa.

"Volti tisa, mkondo tisa," Tupokigwe akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Uzi wa Asajile, omu elfu moja. Umevuka."

Ukumbi haukujua uitikie nini. Lile itikio lao halikuwa la namba kama hiyo.

Ufunguo wa kuzimia ulikuwa mdogo, kama wa kasha la vito, na ulining'inia shingoni kwa mpimaji. Akachomoa waya, akauvua. Aliuingiza kwenye tundu lile alilolijua kuliko mtu yeyote, alilolipaka mafuta kila wiki lisipasuke kwa baridi. Kabla ya kuzima kuna swali ambalo mpimaji huuliza, na hata kama ni mumeo, unauliza.

"Unataka nini kabla hatujakupumzisha?"

Watu waliwahi kuomba wimbo. Wengine waliomba watolewe nje wasimame kwenye nyasi kidogo. Asajile alifikiri.

"Nataka mtu asinisukume kwa kigari bila kuniuliza ninakwenda wapi," alisema.

"Utaulizwa," Bupe akasema.

Tupokigwe akazungusha ufunguo. Magoti ya Asajile yakafunguka taratibu kwenda pembeni, kama nguo inayoteleza kwenye kamba, na nyayo zake zikalala ubavu juu ya shaba. Alifumba macho. Jasho likakoma kumtoka, na watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba waliona shati lake likianza kukauka. Mkono wa Bupe aliushika kwa nguvu hadi vidole vya binti yule vikabadilika rangi. Kisha akafumbua macho na kumtazama mkewe, mara ya kwanza tangu aingie.

"Kumbe mna baridi hivi humu," alisema.

Walimhamishia kwenye kiti. Atupakisye alikuwa tayari amenawa miguu, anangoja zamu yake, na dada zake wanne wamejipanga nyuma yake wakibishana kwa kunong'ona nani atasimama kwenye mfuniko, maana ulitosha mmoja.

"Mwanangu," sauti ikaita kutoka mlangoni.

Tupokigwe aligeuka. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. Bibi Sekela alikuwa amesogeza kigari hadi ukingo wa bamba.

"Siku ile uliniuliza swali hilohilo," alisema. "Sikukujibu."

"Nakumbuka, Bibi. Ulinyamaza, nikazima."

"Niulize tena."

Tupokigwe alipiga goti chini ili macho yao yalingane.

"Ulitaka nini, Bibi Sekela, kabla hatujakupumzisha?"

"Nilitaka unishike," Bibi Sekela akasema. "Mkono wako mmoja ulikuwa kwenye ufunguo. Ule mwingine haukuwa na kazi."